Nyundo za Piano Kubwa ya Tamasha: Laka, Sindano au Sufu Yenyewe?

Piano kubwa ya tamasha huishi muda mrefu kuliko nyundo zake. Fremu ya chuma, ubao wa sauti na mwili wa mbao huweza kutumika kwa miongo mingi, lakini felti, yaani sufu iliyoshindiliwa inayogonga waya, huliwa kidogo kidogo kwa kila pigo, mpaka siku fundi anaposema kwamba haikubaki felti ya kutosha kupigwa msasa tena. Hapo mwenye piano, awe msimamizi wa ukumbi, mkuu wa chuo cha muziki au mpiga piano mwenyewe, hulazimika kuchagua seti mpya, na kwa kawaida huingia katika uchaguzi huo akiwa na maneno mawili tu: nyundo laini na nyundo ngumu. Maneno hayo hayatoshi, na mara nyingine hupotosha, kwa sababu nyundo iliyonunuliwa laini hukazwa kabla ya tamasha la kwanza, na ile iliyonunuliwa ngumu hulainishwa. Swali lenye manufaa zaidi ni ugumu huo umetoka wapi: kwenye mashine iliyoibana felti, kwenye laka, majimaji yanayokauka na kuwa magumu, aliyoidondosha fundi, au kwenye sufu yenyewe. Chanzo cha ugumu ndicho kinachoamua jinsi sauti itakavyobadilika kutoka mnong'ono hadi ngurumo, na ndicho kinachoamua pia fundi atakuwa akifanya kazi gani juu ya piano hiyo kwa miaka yote inayofuata.

Nyundo inavyoupa waya rangi ya sauti

Kila nyundo kati ya 88 ina kiini cha mbao na felti ya sufu ya kondoo iliyopindwa juu yake. Kiwandani nyundo hazitengenezwi moja moja. Ukanda mrefu wa felti, mnene upande wa besi na mwembamba upande wa sauti za juu, hubanwa kwa gundi juu ya ubao mrefu uliochongwa umbo la kiini, kisha kitu hicho kizima hukatwa vipande. Kupindwa huko huacha hali mbili zinazopingana ndani ya kipande kimoja: tabaka la nje la felti huvutika, na tabaka la ndani, lililo karibu na mbao, husongwa. Mvutano wa nje na msongo wa ndani vikikutana, nyundo huwa springi. Vikikosekana, hubaki donge la sufu juu ya kijiti.

Springi hiyo ina tabia ya pekee. Springi ya kawaida ukiibonyeza mara 2 zaidi, nayo hukusukuma mara 2 zaidi. Felti ya nyundo ukiibonyeza mara 2 zaidi, nguvu yake ya kusukuma huweza kupanda mara 4 na hata 8, kwa kuwa kila tabaka linalofikiwa ni gumu kuliko lililotangulia. Ndiyo maana piano haiongezi kishindo tu inapopigwa kwa nguvu, bali hubadilika rangi. Kidole kikigusa kibonye kwa upole, waya hukutana na tabaka la juu lililo laini na sauti mama, yaani mtikisiko wa msingi wa noti, hutawala. Kidole kikishuka kwa nguvu, waya huzama hadi kwenye felti iliyosongwa na harmoniki za juu, zile sauti nyembamba zinazoandamana na sauti mama, hujitokeza kwa wingi. Mpiga piano anayesifiwa kwa rangi nyingi za sauti huwa anatembea juu na chini katika matabaka hayo, na nyundo isiyo na matabaka humnyima ngazi ya kupandia.

Jambo la pili ni muda ambao nyundo hukaa kwenye waya. Katika besi muda huo ni takriban milisekunde 4, na katika sauti za juu kabisa huwa chini ya milisekunde 1. Zaidi ya hapo, hupungua kadiri pigo linavyokuwa kali. Nyundo laini hukaa muda mrefu zaidi, na kwa kuwa bado imeegemea waya, huzima mitikisiko ile mifupi ambayo ndiyo harmoniki za juu. Noti ya chini kabisa ya piano hutikisika mara 27.5 kwa sekunde, maana yake mtikisiko mmoja huchukua karibu milisekunde 36, na nyundo huwa imekwisha kuondoka zamani. Noti ya juu kabisa hutikisika mara 4,186 kwa sekunde, mtikisiko mmoja ukichukua takriban robo ya milisekunde, hivyo nyundo huwa bado imeshikamana na waya wakati waya umekwisha kwenda na kurudi. Hapo laini huwa adui wa wazi. Kwa sababu hiyo hakuna seti nzuri yenye ugumu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na muuzaji anayetaja ugumu mmoja wa seti nzima hajasema lolote la kumsaidia mnunuzi.

Inafaa kukumbuka kwamba felti yenyewe ni mgeni katika ala hii. Bartolomeo Cristofori, aliyeunda piano za kwanza mjini Florence karibu na mwaka 1700, alitumia nyundo ndogo sana. Katika piano yake ya 1726, inayohifadhiwa Leipzig, kichwa cha nyundo ni duara la karatasi iliyoviringishwa, lenye kipande cha ngozi mahali pa kugongea. Ngozi iliendelea kutawala hadi Jean-Henri Pape alipopata hataza ya nyundo za felti mjini Paris mwaka 1826. Kisha fremu za chuma zikaruhusu waya nene zenye mvutano mkubwa, na waya hizo zikadai nyundo nzito zaidi. Mabishano yote ya leo kuhusu laka na sindano yamezaliwa na tatizo hilo moja: namna ya kuupa mpira mkubwa wa sufu uso laini na moyo mgumu kwa wakati mmoja.

Piano moja, mila mbili

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana kwa Steinway. Kampuni hiyo ilianzishwa New York mwaka 1853 na kufungua kiwanda cha Hamburg mwaka 1880, na viwanda vyote viwili hutengeneza piano ya tamasha aina ya D, yenye urefu wa sentimita 274, kwa mpango uleule wa waya. Hata hivyo, kwa muda mrefu nyundo za pande hizo mbili zimekuwa za malezi tofauti. New York imezoea nyundo zinazobanwa kwa kiasi, ambazo hutoka mashineni zikiwa butu na kisha hukazwa kwa laka. Hamburg imezoea nyundo za Renner, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1882, ambazo hubanwa sana na kisha hulainishwa kwa sindano. Mwaka 2019 Steinway waliinunua Renner, lakini mila hizo mbili hazikuungana kwa sababu ya hati ya mauzo. Naongeza tahadhari kwamba piano hizo mbili hutofautiana kwa mambo mengine pia, hivyo si haki kuzibebesha nyundo peke yake tofauti yote ambayo sikio husikia.

Tuanze na njia ya laka. Nyundo mpya ya aina hii ikifungwa kwenye piano bila kuguswa, sauti yake huwa ya mbali na iliyofunikwa, kama mtu anayezungumza nyuma ya pazia zito, na mwenye piano asiyeandaliwa huweza kudhani ameuziwa bidhaa mbovu. Fundi huchukua laka iliyopunguzwa makali kwa kiyeyushi na kuidondosha kwenye mabega ya nyundo, yaani pande zake, si kwenye kilele kinachogonga waya, ili iingie ndani na kuzunguka ncha ya kiini. Huiacha ikauke, husikiliza, na hurudia. Laka inapokauka hujenga mifupa ndani ya sufu, huku tabaka la juu likibaki na ulaini wake. Katika oktava za juu dozi huwa kali zaidi, na baadhi ya mafundi hutumia plastiki iliyoyeyushwa kwa asetoni badala ya laka.

Kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi, matokeo yake ni ya kupendeza kweli. Sauti mama huwa pana, mnong'ono huwa na mwili, na pigo linapoongezwa nguvu sauti hupanda taratibu kisha hulipuka karibu na kilele, jambo ambalo wapigaji wa muziki mkubwa wa karne ya 19 hulithamini sana. Lakini laka ina kasoro mbili ambazo sizioni zikitajwa vya kutosha pale seti inapouzwa. Ya kwanza ni kwamba haiondoki. Kiyeyushi huweza kuihamisha kutoka sehemu moja ya felti hadi nyingine, lakini hakiwezi kuirudisha nyundo ilivyokuwa kabla ya tone la kwanza, na laka iliyopanda hadi kileleni hutoa sauti ya bati, kavu na yenye makali, ambayo sindano huificha kwa siku chache tu. Ya pili ni kwamba laka huendelea kukakamaa jinsi inavyozeeka, na nyundo jirani hazinyonyi kwa kiwango kimoja, hivyo usawa uliopatikana mwanzoni mwa msimu huhitaji kutafutwa upya kabla msimu haujaisha.

Njia ya sindano huanza upande wa pili wa mlima. Nyundo iliyobanwa kwa nguvu nyingi na joto hutoka sandukuni ikiwa na sauti kubwa, angavu na isiyo na huruma. Fundi huichoma mabegani kwa sindano zilizofungwa kwenye mpini, akielekeza ncha zake katikati ya nyundo na akiepuka kilele, ili kulegeza mvutano uliofungiwa ndani ya felti. Michomo huhesabika kwa makumi kwa kila nyundo, na nyundo ni 88. Anayedhani kwamba ni kazi ya asubuhi moja hajawahi kuifanya. Msongo unapofunguka, felti hupumua na springi huanza kufanya kazi, na ile sauti kali hugeuka kuwa ya wazi, yenye mpaka unaosikika vizuri kati ya noti na noti.

Faida ya nyundo hizi ni uthabiti. Umbo lake la yai hudumu, mifereji inayochimbwa na waya huchelewa kuwa mirefu, na usawa wa noti moja na nyingine ni rahisi kuupata na kuulinda. Mbele ya okestra kamili, sauti iliyo na harmoniki nyingi hupenya mahali ambapo sauti pana humezwa. Hasara yake ni kwamba sindano hukata. Kila mchomo huvunja nyuzi za sufu ambazo haziungiki tena, na nyundo ina idadi fulani tu ya michomo inayoweza kuivumilia kabla haijawa sifongo: mnong'ono huwa mzuri, lakini nguvu ikiongezwa hakuna kinachokuja. Kwa upande mwingine, fundi mwoga anayechoma kidogo huacha nyundo ambayo itazidi kuwa kali kila wiki inapopigwa, kwa sababu mapigo yenyewe huendelea kuishindilia felti. Tena kuna nyundo ambazo hazikupaswa kutoka kiwandani: joto likizidi wakati wa kubana, sufu hupoteza uwezo wake wa kunyumbuka, na felti ya namna hiyo ni ngumu bila kuwa springi. Kuilainisha ni kuhama kutoka sauti mbaya yenye kelele hadi sauti mbaya isiyo na kelele.

Njia ya tatu

Kati ya mila hizo mbili imekua njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu inastahili kusikilizwa kwanza kabla ya mnunuzi kurudi kwenye mazoea yake. Wazo lake ni kwamba kama nyuzi za sufu zimechaguliwa vizuri na kusokotana vizuri wakati felti inatengenezwa, na kama felti hiyo itabanwa bila joto kali, nyundo huweza kutoka mashineni ikiwa tayari na uso laini na moyo mgumu, isihitaji kujengwa kwa laka wala kubomolewa kwa sindano. Ronsen wa New York wamejulikana kwa nyundo za aina hiyo, wakitumia felti kutoka Wurzen, huko Saxony nchini Ujerumani, mji wenye historia ya kutengeneza felti inayorudi nyuma hadi karne ya 18 na wenye jina la Weickert ambalo mafundi wa piano hulitaja kwa heshima. Abel, kampuni nyingine ya Ujerumani, nayo ina felti yake ya asili inayolenga shabaha hiyohiyo.

Nyundo hizi huanza kwa sauti tulivu kidogo na hujijenga zenyewe kwa kupigwa. Kazi ya fundi huwa ndogo: msasa wa kurekebisha umbo, sindano chache katikati ya kibodi, na matone ya laka katika oktava ya mwisho au mbili za mwisho ikiwa ukumbi ni mkubwa. Kinachonivutia ni mwendo wa rangi yake, kwa kuwa kati ya mnong'ono na ngurumo hakuna ngazi iliyovunjika, ilhali nyundo yenye laka huweza kuruka ghafla kutoka sauti ya pazia hadi sauti ya shaba, na nyundo iliyochomwa sana huweza kugoma katikati ya safari. Hata hivyo nisizipake rangi kuliko zilivyo. Felti iliyobanwa kidogo huchimbwa mifereji mapema, msasa hupita mara nyingi zaidi, na kila msasa huondoa sufu isiyorudi. Katika piano inayopigwa saa nyingi kila siku, seti ya namna hii huisha mapema kuliko iliyobanwa sana. Vilevile, anayetaka sauti kamili siku ileile ya kufungwa kwa nyundo atavunjika moyo, kwa sababu wiki za mwanzo ni sehemu ya matengenezo.

Uzito, ambao husahauliwa

Wanunuzi wengi huuliza kuhusu felti na kusahau mizani, na hili ndilo kosa ambalo huonekana baadaye kwenye vidole kabla halijasikika masikioni. Kibonye hushuka takriban milimita 10, huku nyundo ikipanda karibu milimita 45, kwa hiyo mtambo wa piano, yaani viungo vinavyopeleka mwendo kutoka kibonye hadi nyundo, huzidisha mwendo kwa takriban mara 5. Mkono wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba gramu 1 iliyoongezwa kwenye nyundo huhisiwa kama gramu 5 hivi kwenye ncha ya kibonye. Nyundo za besi huwa na takriban gramu 10 au zaidi kidogo, na za juu kabisa huwa chini ya nusu ya hapo. Seti mbili zilizo na jina linalofanana sandukuni zaweza kutofautiana kwa gramu moja nzima katikati ya kibodi, na gramu hiyo ndiyo tofauti kati ya piano inayotii na piano inayobishana.

Uzito hubadilisha rangi ya sauti pia. Nyundo nzito hukaa kwenye waya muda mrefu zaidi na huupa nguvu nyingi, hivyo sauti mama hupata kifua na harmoniki za juu hupungua. Nyundo nyepesi huondoka haraka na kuacha sauti angavu, nyembamba na yenye wepesi. Kwa hiyo nyundo ngumu iliyo nzito na nyundo laini iliyo nyepesi huweza kukaribiana rangi zinapopigwa kwa nguvu ya wastani, ingawa mkono wa mpigaji utazitambua mara moja. Mbao ya kiini huingia hapa, kwa kuwa kiini cha mahogani ni chepesi kuliko cha mepo, na fundi anayetaka felti nene bila kuulemea mtambo huweza kuokoa uzito humo.

Jaribio la kawaida la kuponya nyundo nzito ni kuongeza vipande vya madini ya risasi ndani ya vibonye ili mizani ikae sawa. Dawa hiyo hutibu kipimo na kuacha ugonjwa. Kibonye kilichowekewa risasi husoma vizuri kinapopimwa kikishuka polepole, lakini risasi na nyundo zote mbili ni mizigo inayopaswa kusukumwa kila noti inapopigwa haraka, na mpiga piano anayefanya marudio ya noti moja kwa kasi atachoka kabla ya ukurasa kuisha. David Stanwood, fundi wa Marekani, ndiye aliyewafundisha wengi wa fani hii kupima uzito wa nyundo ikiwa kwenye mpini wake, noti kwa noti, na kuuchora kama mstari unaoshuka bila mabonde kutoka besi hadi juu. Ningemwomba fundi yeyote anayefunga seti mpya anioneshe mstari huo kabla ya gundi kukauka, kwa sababu nyundo inayozidi jirani zake kwa nusu gramu hujionesha daima, na hakuna sindano ya kuitibu.

Mahali pa kugonga nako kuna neno lake, ingawa ni fupi. Katika sehemu kubwa ya kibodi nyundo hugonga waya kwenye karibu sehemu ya nane ya urefu wake, na uwiano huo husogea karibu zaidi na mwisho wa waya kadiri sauti zinavyopanda. Katika oktava ya juu kabisa, ambako waya una sentimita chache tu, kosa la milimita 1 huweza kuua noti. Nyundo bora iliyogundishwa mahali pasipo pake ni hasara kuliko nyundo ya kawaida iliyowekwa sawa, na mara nyingi kilio cha kwamba nyundo mpya hazina nguvu huko juu huisha kwa kusogeza mtambo mzima kidogo, bila tone la laka.

Nani achague ipi

Kigezo ninachokitanguliza si muziki utakaopigwa, wala jina la piano, bali ni saa ngapi za fundi ambazo ukumbi umejiandaa kuzilipia. Ukumbi unaopokea mpiga piano mgeni kila juma, na ambao fundi wake hupata muda wa kutyuni na kugusagusa tu kabla ya milango kufunguliwa, utahudumiwa vizuri zaidi na nyundo zilizobanwa sana ambazo zilichomwa kwa kina na kwa subira siku zilipofungwa. Seti ya namna hiyo husogea polepole, na msimamizi hatashtukizwa. Vyuo vya muziki, ambako piano hupigwa tangu asubuhi hadi usiku na mikono ya kila namna, vimo katika kundi hilohilo, ingawa huko ningesisitiza kiini chepesi ili wanafunzi wasijenge nguvu zisizo na maana.

Ukumbi ulio na fundi wake wa kudumu, anayeijua piano hiyo kama mlezi anavyomjua mtoto, unaweza kumudu njia ya laka na kufurahia upana wake, hasa kama ukumbi una viti vingi. Sharti moja ni fundi huyo awe amelelewa katika mila hiyo. Fundi aliyezoea sindano akikabidhiwa nyundo za laka atazichoma kwa mazoea, na aliyezoea laka akikabidhiwa nyundo zilizobanwa sana atazidondoshea laka zisizoihitaji, na katika hali zote mbili seti nzuri itaharibiwa na mtu hodari. Hili halitajwi katika orodha za bei, lakini limeziponza piano nyingi kuliko felti mbaya.

Kwa ukumbi wa muziki wa ala chache, kwa studio ya kurekodi, na kwa nyumba ya mpiga piano anayejitengenezea sauti yake mwenyewe, ningechagua njia ya tatu bila kusita sana. Maikrofoni husikia yale yanayotokea katika mnongʼono, na huko ndiko sufu iliyobanwa kwa upole huzidi nyingine. Katika muziki wa sauti ya binadamu na piano vilevile, mwimbaji hahitaji nyundo ya kushindana naye.

Zipo kumbi ambazo haziwezi kuridhika na tabia moja, na kwao kuna suluhisho ghali lakini la kweli: piano moja yenye mitambo miwili ya vibonye, kila mmoja na nyundo zake, inayobadilishwa kulingana na programu. Krystian Zimerman, mpiga piano wa Poland, amejulikana kwa kusafiri na mtambo wake mwenyewe na kuuingiza ndani ya piano ya ukumbi. Mtambo hutoka kwa mbele kama droo na kurudi vivyo hivyo, lakini kila mmoja sharti uwe umefanywa au kurekebishwa kwa ajili ya piano hiyohiyo, kwa kuwa kimo cha waya na mahali pa kugonga havifanani kabisa kati ya piano mbili, hata zilizotoka kiwanda kimoja.

Kusikiliza kabla ya kununua

Fundi mwangalifu hukubali kufunga nyundo chache za sampuli kabla ya kuagiza seti. Ziwekwe katika sehemu kadhaa: besi, katikati, mahali waya zilizofungwa shaba zinapopokewa na waya tupu, na oktava ya pili kutoka juu, kwa sababu katikati peke yake hudanganya, huko karibu kila nyundo nzuri husikika vizuri. Wengi wakifika kwenye sampuli hupiga kwa nguvu zote ili kuona nguvu ya nyundo, na hapo ndipo nyundo zote hufanana zaidi. Mpigaji aanze kwa mnongʼono na kupanda hatua kwa hatua, noti ileile, akisikiliza ni wapi rangi inageuka na kama inageuka kwa kuteleza au kwa kuruka. Kisha apige noti moja kwa nguvu ya wastani na kuiacha ife yenyewe. Nyundo yenye ugumu kileleni hutoa kishindo kikubwa cha sauti mwanzoni ambacho huporomoka upesi. Nyundo iliyo springi ya kweli huanza kwa unyenyekevu na kuimba kwa muda.

Msikilizaji wa pili akae katikati ya viti, si kando ya kibodi. Sauti inayomkera kidogo aliyeketi kwenye kiti cha mpigaji huweza kuwa ndiyo inayofika vizuri safu ya nyuma, na ile inayombembeleza huweza kuishia jukwaani. Kadiri ukumbi unavyojaa watu ndivyo nguo zao zinavyonyonya harmoniki za juu, hivyo nyundo iliyosikika kamili katika ukumbi mtupu itapungua mng'aro usiku wa tamasha.

Jaribio la mwisho ni la pedali ya kushoto, na ajabu ni kwamba huachwa mara nyingi. Pedali hiyo husogeza mtambo mzima kando ili nyundo ziguse waya 2 badala ya 3, tena kwa sehemu ya felti iliyo kati ya mifereji, ambayo haijashindiliwa na mapigo. Katika nyundo mpya mifereji haipo, kwa hiyo tofauti huwa ndogo, na fundi ataombwa aiandae sehemu hiyo kwa michomo mifupi ya juujuu. Nyundo ya sufu huipokea kazi hiyo kwa urahisi, iliyobanwa sana huipokea kwa subira, na nyundo iliyokwisha kunywa laka hadi kileleni haiipokei kabisa. Kwa nyundo hiyo ya mwisho, pedali ikikanyagwa, sauti hupungua ukubwa lakini rangi hubaki ileile.